Boti ya laki tisa na baba mkwe asiyejua kuogelea

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa mapacha, naishi Nyegezi, nina kaduka ka madaftari na sare za shule. Mume wangu yuko mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa, anauza dagaa na kayabo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi. Mwaka huu biashara imemkubali, na ndipo shida yangu ilipoanzia.

Baba yake ana miaka 68. Amevua sangara kwa migonzo, ile mishipi mirefu yenye ndoana nyingi, huko Ukerewe zaidi ya miaka thelathini, na ni migonzo hiyo iliyomfikisha mume wangu kidato cha sita. Bahari hajawahi kuiona. Siku mume wangu alipopata matokeo yake alimwahidi: "Baba, iko siku nitakupeleka ukavue kwenye maji ya chumvi." Sasa ameamua siku yenyewe ni wiki ya mwisho ya mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa. Tunakwenda Zanzibar watu watano: mzee, sisi wawili, na Kulwa na Doto wenye miaka saba. Tutakaa Nungwi siku nne.

Boti ameipata kwenye simu. Ni laki tisa kwa siku nzima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na mwenye boti anataka nusu itumwe wiki hii, la sivyo atampa mtu mwingine. Katuma picha: boti nyeupe yenye kivuli, na samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki kaning'inizwa, watu wamesimama pembeni yake wanacheka. Nilichukua simu ya mume wangu nikauliza kama kuna majaketi ya watoto. Nikajibiwa, "Ondoa shaka, bahari yetu imetulia kama maziwa kwenye kikombe." Nikauliza tutakuwa wangapi ndani. Hakujibu tena.

Nikimgeukia mume wangu ananiambia, "Mimi nimezaliwa kwenye mtumbwi, wewe unataka kunifundisha maji?" Kweli maji ya kwetu anayajua. Lakini, Mjomba, mimi ni mtu wa Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kinakaribia kufika kwetu, tulizika watu tuliokuwa tukichota nao maji. Tangu siku hiyo hata kivuko cha Kamanga nakipanda nimefumba macho. Kuogelea sijui. Mzee naye hajui, miaka yote hiyo ziwani.

Na bado, usinicheke, natamani kwenda. Nimepika samaki maisha yangu yote, sijawahi hata siku moja kumvuta mmoja kwa mkono wangu.

Jambo dogo la mwisho. Kwenye ile picha sikuona choo. Mimi na baba mkwe tunaheshimiana sana, hata meza moja hatujawahi kula. Sasa saa kumi nzima kwenye boti, upepo ule, kanga, na nasikia bahari inatapisha. Nifanyeje?

Mama Kulwa, Nyegezi

*

Marahaba, Mama Kulwa, na poleni kwa mliowazika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini, kwenye hilo "jambo dogo". Mama, hilo ndilo barua yenyewe. Habari za upepo na majaketi nitakueleza, zina majibu yake. Ila saa kumi nzima kwenye boti ya uvuvi pamoja na baba mkwe, hapo hakuna nahodha wa kukusaidia. Boti nyingi ndogo za kukodi hazina choo. Wanaume husimama nyuma, wenzao wakageuza shingo. Mwanamke huambiwa avumilie, au ashuke majini akiwa ameshikilia ngazi, na wewe kuogelea hujui. Niliwahi kusafiri na mama mmoja aliyekataa kunywa maji tangu alfajiri ili asije akaomba boti isimamishwe. Kufika saa saba mchana kichwa kinamgonga na midomo imempasuka. Hakuna aliyemkataza kunywa. Mkwewe alikuwa amekaa ubao wa mbele, basi.

Kwa hiyo siku ya mzee iwe ya mzee na mwanawe. Ahadi yenyewe tangu mwanzo ilikuwa ya wao wawili. Waondoke alfajiri, nusu siku tu, kabla ya saa sita wawe wamerudi. Nusu siku ni nafuu kuliko siku nzima, na kitakachobaki kwenye hiyo laki tisa kitawatosha wewe na mapacha kwa safari yenu fupi siku nyingine, bila mkwe. Usidhani nakuacha ufukweni na mabegi. Safari yako nitaifikia.

Sasa huyu aliyezaliwa kwenye mtumbwi. Namwelewa, kwa sababu nilikuwa yeye. Mimi nimekulia kando ya Ghuba ya Speke, upande wa Bunda, na nilipofika Kunduchi nikiwa na miaka 24 nilidhani nimekuja kuwafundisha watu wa pwani kazi. Siku ya tatu nikaachiwa mtumbwi. Nikautia nanga mahali maji yanafika kiunoni, kama tunavyofanya kwetu, nikaenda kivulini kunywa chai na kupiga soga. Ziwani ukiuacha mtumbwi kwenye maji ya kiunoni saa tatu asubuhi, saa tisa utaukuta kwenye maji ya kiunoni. Niliporudi nikaukuta umelala ubavu juu ya mchanga mkavu, kaa wanapita chini yake, na maji yako kule mbali hata sauti yake siisikii. Nilisimama kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Mzee mmoja akaniambia, "Kaa, kijana, itarudi." Ikarudi jioni. Mwezi mzima wakaniita Bwana Kiunoni.

Mume wako ana uhodari uleule niliokuwa nao, na dawa yake si wewe kumwambia hajui. Ukimwambia hivyo atalipa hiyo nusu usiku huohuo ili akuonyeshe. Wa kumwambia ni baba yake, na wa kumfikia baba yake ni wajukuu. Wewe na mkwe hamzungumzi hovyo, sawa, lakini Kulwa na Doto wanakaa mapajani kwa babu. Wafundishe swali moja tu: "Babu, eti bahari huwa inakauka mchana?" Mzee atasema hapana. Kisha hatalala. Asubuhi atampigia mwanawe amuulize, na mwanawe itambidi akatafute jibu, kwa sababu baba hajibiwi "wewe unataka kunifundisha maji".

Na mzee akishalipata jibu, atalielewa haraka kuliko nilivyolielewa mimi, kwa sababu ya mwezi. Wewe umeolewa mwaloni, unajua. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wanaanika nyavu, taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Giza likirudi nao wanarudi kazini. Mzee, ingawa alikuwa mtu wa migonzo, anajua mwezi una siku ngapi bila kuangalia kalenda. Basi aambiwe hivi: huko pwani mwezi huohuo ndio unaovuta maji. Ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, watu wa pwani wanaita bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana, na huko Unguja tofauti yake hufika kama mita nne, yaani zaidi ya paa la duka lako. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda na kushuka kwa unyonge. Kila siku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake.

Haya si maneno ya darasani, yanahusu magoti ya mzee. Siku za bamvua, Unguja maji hupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi. Boti iliyotoka vizuri saa kumi na mbili, ikirudi saa nne na nusu inaweza kuwashusha mbali, wakatembea juu ya mawe yenye utelezi na wadudu wa miiba myeusi kama nungunungu. Nungwi ina nafuu kuliko Paje na Jambiani, ambako maji hukimbia mpaka unayatafuta kwa macho, lakini hata Nungwi boti zote haziegeshi sehemu moja. Mtafutieni mzee raba za zamani zilizofungwa kamba, ndala zitabaki kwenye tope. Na mwenye boti aulizwe swali moja: "Siku hiyo maji yanakupwa saa ngapi, na utatushushia wapi?" Anayekujibu papo hapo kwa saa na mahali ni nahodha. Anayesema "hakuna shida" ni dalali.

Hilo la maziwa kwenye kikombe lilinichekesha. Mwisho wa mwezi wa sita ni kusi, tena kusi lenyewe. Upepo huu huanza kushika kwenye mwezi wa tano, ukapiga kutoka kusini-mashariki hadi karibu mwezi wa tisa, na bahari ya nje inakuwa na milima. Kaskazi huja baadaye, kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Utulivu mzuri unapatikana pale upepo mmoja unapoondoka na mwingine haujashika, mathalani Oktoba na Novemba. Huyo samaki mwenye mkuki kwenye picha yenu ni nduaro, na watu humfuata zaidi nyakati za kaskazi, hasa kwenye mlango wa bahari wa Pemba, maji ambayo kina chake kinafika kama mita 800. Ziwa letu, mahali penye kina kirefu kuliko pote, ni mita 80 na kitu. Simtuhumu mtu uongo. Nasema tu kwamba picha ya nduaro haina tarehe, na inaweza kuwa ya Januari.

Mngekuwa hamjapanga siku ningewaambia msubiri Oktoba. Lakini likizo ya watoto ni wakati huo, na mzee wa miaka 68 haahirishwi ovyo. Nendeni. Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, na kusi linapopiga, upande wa magharibi, kuelekea Kendwa, kisiwa chenyewe kinakuwa ukuta. Waambieni wavue upande huo wa kivuli cha upepo, wasiende kutafuta sifa kule nje. Hawatapata nduaro. Watapata changu, kolekole, labda chewa, na Mungu akipenda nguru mmoja wa kusimulia Ukerewe.

Kuhusu boti yenyewe nina maneno mengi lakini moja ndilo kubwa, na uliliuliza mwenyewe ukanyimwa jibu: tutakuwa wangapi? MV Nyerere ilikuwa imejaza kupita uwezo wake. Na huko Nungwi mnakokwenda, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, nayo ilikuwa imejaza. Vyombo viwili, maji mawili tofauti, sababu moja. Kwa hiyo mtu akiulizwa idadi akanyamaza, mazungumzo yameishia hapo, hata angekuwa anatoza laki mbili. Boti waliyoikodi wawili iwe na wao wawili, nahodha na msaidizi wake. Asipandishwe "mgeni mwingine mmoja tu" dakika ya mwisho.

Halafu jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Nimeona boti nyingi ambazo majaketi yamefungwa kwenye kiroba chini ya nanga, yananuka mafuta, na ukiuliza unaambiwa "yapo". Kuwepo hakutoshi. Mzee asiyejua kuogelea alivae kuanzia ufukweni, na hapo mume wako awe wa kwanza kuvaa la kwake, bila kusema neno. Baba hawezi kuonekana mwoga kwa kuvaa alichovaa mwanawe.

Chombo kiwe na leseni. Kwa Zanzibar mamlaka inayosimamia usafiri wa baharini ni ZMA, kama huku kwetu tulivyo na TASAC. Kuomba kuiona si ukorofi. Kuwe na injini ya akiba, na redio ya mawasiliano, maana simu huko nje inakata. Yote haya mtu anayajua kwa kutazama kuliko kwa kuuliza, ndiyo maana sipendi boti ikodiwe mkiwa bado Mwanza. Fikeni kwanza. Siku ya kwanza alasiri mzee na mwanawe waende ufukweni boti zinaporudi. Wataona nani karudi na samaki, nani karudi na wageni waliokasirika, nani anaosha boti yake na nani anaiacha. Mzee aliyekaa mwaloni miaka thelathini hahitaji kuambiwa mvuvi ni yupi.

Nusu ya laki tisa isitumwe. Hiyo "nitampa mtu mwingine" mwaloni mnaifahamu, sangara wa juzi huuzwa kwa maneno hayohayo. Kama mume wako anaona lazima atoe advansi, atoe kiasi ambacho kikipotea hamtagombana, na kabla ya kuweka namba ya siri asome jina linalotokea kwenye simu. Likiwa si jina la mtu anayezungumza naye, aache.

Sasa kutapika, ambako unadhani kutakuwa kwako peke yako. Mawimbi ya ziwa ni mafupi, yanaupiga mtumbwi makofi, na mwili wa mvuvi wetu umeyazoea. Ya bahari yanakubeba polepole, yanakushusha polepole, na tumbo linabaki juu. Mimi, Bwana Kiunoni, sikuwahi kutapika ziwani hata mara moja, na bahari ilinilevya siku ya kwanza mpaka nikaomba nirudishwe kwa mama yangu. Mzee na mwanawe waende duka la dawa kabla ya safari. Dawa zipo, lakini nyingi humezwa mapema, saa moja hivi kabla ya kupanda, ukishaanza kutapika umechelewa. Na nyingi zinaleta usingizi. Mzee amwambie mfamasia dawa zote anazotumia, za presha au nyingine, na kama ana shida ya tezi dume aseme bila haya, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huzuia mkojo. Hili ni la mwanawe kumuuliza, si lako. Asubuhi wale mkate na chai ya tangawizi, wasiende na njaa na wasiende na ugali. Wakae katikati ya boti, mbali na moshi wa injini, macho yawe kule maji yanapokutana na mbingu. Anayeinama kufunga ndoana ndiye wa kwanza kulewa.

Kwenye uvuvi wenyewe sina wasiwasi na mzee ila mambo mawili. La kwanza ni mkono. Mvuvi wa mshipi huwa anauzungusha mshipi kwenye kiganja bila kufikiri. Jodari au nguru akiondoka na mshipi uliozungushwa kiganjani, anaondoka na ngozi. La pili, kwetu karibu kila kinachonasa kinaliwa, tunachojihadhari nacho ni mwiba wa gogogo tu. Baharini kuna bunju, yule anayejaza upepo akawa kama mpira, na sumu yake inaua hata akipikwa. Kila wasichokijua wasikishike wala kukitia kwenye ndoo mpaka nahodha aseme jina lake.

Na samaki ni wa nani? Hili limevunja urafiki mwingi kuliko upepo. Mzee atajua, kama sisi sote tunavyojua, kwamba aliyekodi chombo ndiye mwenye samaki. Boti nyingi za wageni huhesabu kinyume chake: samaki ni wa chombo, mgeni anapewa wa kula jioni na picha. Wakubaliane ufukweni, kabla ya injini kuwashwa, kwa idadi na kwa jina. "Changu wote wetu, nguru nusu kwa nusu", kitu kama hicho. Pale mlipofikia ulizeni jikoni siku moja kabla kama watawapikia samaki mliowaleta wenyewe. Na mzee asianze kupasua matumbo kutafuta bondo, kile kifuko cha hewa kinachouzwa cha sangara, wenyeji watamshangaa.

Nilikuahidi safari yako. Asubuhi hiyo wanaume wakiwa majini, wapeleke mapacha Mnarani palepale Nungwi wakaone kasa kwenye bwawa lao, kisha muwaangalie mafundi wanaojenga majahazi ufukweni kwa mkono. Alasiri ya siku inayofuata, maji yakiwa yamejaa, tafuteni mashua ya mvuvi mwenyeji, wewe, mume wako na watoto. Mzee atapumzika kivulini, na yeye atashukuru. Mkae ndani ya mwamba, yaani upande wa ufukweni, mahali ambapo ufukwe unauona, saa moja au moja na nusu, hapo hata choo hakina hoja. Vaa suruali ndani ya dera, kanga iache chumbani. Mwambie mvuvi akupe mshipi wa mkono na kipande cha ngisi, akuonyeshe kuteremsha mpaka uzito uguse chini, halafu upandishe kama pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Changu huweza kugonga kabla ya kuchukua. Usivute kwa furaha anapogonga mara ya kwanza. Subiri ya pili.

Majaketi ya watoto msiyategemee huko, tafuteni ya kununua au kuazima mwende nayo, mkishayajaribu nyumbani Nyegezi. Mvalishe Doto, funga mikanda yote hadi ule wa mapajani kama upo, kisha shika mabega ya jaketi umnyanyue. Jaketi likipanda likamziba masikio, ni kubwa, majini litamvuka. Likibaki mahali pake na yeye anacheka amening'inia, hilo ndilo.

Jioni ya kuamkia siku ya uvuvi, mume wako ampigie nahodha. Akisema "kesho upepo si mzuri, twende keshokutwa", asimlalamikie wala asimtafute mwingine anayesema ndiyo. Ndiyo maana hiyo safari iwe siku ya pili, si ya mwisho.

Na maji ya kunywa. Mzee akishikwa na kiu ataegemea ubavu wa boti achote kwa kikombe, mkono utakwenda wenyewe, miaka thelathini ziwani umeuzoeza. Mume wako asimzuie. Atatema, ataapa kwa Kikerewe, na watalicheka hilo mpaka wafike ufukweni. Ila dumu la lita kumi lenye maji ya kunywa liwe chini ya ubao tangu alfajiri.